Ushindi 73 Bila Ubingwa: Lugha ya Mpira wa Kikapu Katika Mizani

Mwenye kutaka kupima uwezo wa istilahi za fani fulani hana budi kuzitumia katika kazi kamili, wala asitosheke na kuzisoma katika orodha. Orodha hupendeza machoni: neno la kigeni upande huu, neno letu upande ule, na kila moja limekaa mahali pake. Kazi inapoanza ndipo maneno yanapogombana. Kwa sababu hiyo, katika makala haya tumechagua kisa kimoja cha kweli, yaani msimu mmoja wa timu moja ya kulipwa ya mpira wa kikapu, tukajaribu kukisimulia chote kwa Kiswahili, tukitumia maneno yanayosikika katika matangazo na kusomwa katika magazeti.

Tulitazamia kwamba tungepungukiwa na maneno. Hatukupungukiwa. Maneno yalikuwa tele, ila mengi yake yalikuwa ya mpira wa miguu, na kila lilipotumika lilikuja na desturi za mpira wa miguu ndani yake. Wahenga walisema kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Kusudi letu ni kuonyesha mahali ambapo nguo hii ya kuazima imeacha wazi, na kupendekeza namna ya kuziba. Sentensi tunazozikosoa tumezitunga wenyewe kwa kufuata mtindo uliozoeleka. Hatumlengi mwandishi wala mtangazaji yeyote.

Kisa chenyewe

Timu tuliyoichagua ni Golden State Warriors, ambayo wakati huo makao yake yalikuwa Oakland, katika jimbo la California, Marekani. Msimu ni ule ulioanza Oktoba 2015 na kumalizika Juni 2016. Timu hiyo iliuanza msimu ikiwa bingwa mtetezi. Ilishinda mechi zake 24 za mwanzo bila kushindwa hata mara moja, mpaka Milwaukee Bucks walipoishinda tarehe 12 Desemba 2015. Kila timu katika ligi hiyo, ijulikanayo kwa herufi NBA, ilipangiwa mechi 82. Golden State ilishinda 73 na kushindwa 9, ikakipita kiwango cha Chicago Bulls, ambao katika msimu wa 1995/96 walishinda 72 na kushindwa 10. Mchezaji wake mashuhuri, Stephen Curry, alitia vikapu 402 vya pointi tatu, ilhali kiwango cha juu kabla ya hapo kilikuwa 286, nacho alikuwa amekiweka mwenyewe msimu uliotangulia. Kisha, tarehe 19 Juni 2016, timu hiyohiyo ilishindwa na Cleveland Cavaliers kwa pointi 93 kwa 89, na Cleveland wakawa mabingwa.

Msomaji aliyelelewa na mpira wa miguu atauliza mara moja: timu iliyoshinda mechi 73 kati ya 82 imekosaje ubingwa? Swali lake ni la haki. Mfasiri asiyelijibu ndani ya sentensi zake atakuwa ameleta habari nusu, na nusu iliyobaki msomaji ataijaza kwa anayoyajua, ambayo siyo.

Msimu na sehemu zake

Neno msimu lenyewe halina kasoro. Ni neno la kale katika pwani yetu, lenye asili ya Kiarabu, na mabaharia walilitumia kwa majira ya pepo za kusafiria. Tatizo huanza msimu unapogawanywa. Ligi hii ina sehemu mbili. Ya kwanza ni ile ya mechi 82, ambayo hupanga timu kwa wingi wa ushindi. Ya pili huwakutanisha wachache waliofaulu, na humo ndimo bingwa anamopatikana.

Sehemu ya kwanza huitwa na wengi msimu wa kawaida, kwa kufuata Kiingereza neno kwa neno. Lakini kwa Kiswahili jambo la kawaida ni jambo lisilo na upekee wowote. Kusema kwamba Golden State ilifanya maajabu katika msimu wa kawaida ni kuifanya sentensi ijipinge yenyewe. Aidha, msomaji hataelewa kwamba msimu huo wa kawaida ni sehemu tu. Atadhani kwamba ulikuwapo msimu mwingine usiokuwa wa kawaida katika mwaka tofauti. Tunapendekeza awamu ya ligi kwa sehemu ya kwanza. Neno awamu linajulikana na kila mtumishi wa serikali, na lina sifa ya kumwambia msomaji kwamba ipo awamu nyingine inayofuata.

Kwa sehemu ya pili yapo maneno mawili yanayoshindana: mtoano na mchujo. Mtoano hutumika katika mashindano ambamo anayeshindwa mara moja huaga. Golden State walishindwa mara tisa katika sehemu hii ya pili kabla ya kuaga, basi neno hilo haliwafai. Mchujo ni bora, kwa kuwa kuchuja ni kazi ya kupitisha kidogo kidogo mpaka kibaki kilicho safi, wala halielezi idadi ya mara. Katika mwaka tunaouzungumzia, timu 16 kati ya 30 ziliingia katika awamu ya mchujo, nane kutoka kanda ya Mashariki na nane kutoka kanda ya Magharibi.

Sasa tufike kwenye jambo zito zaidi. Katika mchujo huo timu mbili hazikutani mara moja. Hukutana tena na tena mpaka mojawapo ishinde mara nne. Kwa hiyo huweza kucheza mechi nne, tano, sita, au saba. Mkusanyiko huo wa mechi uitweje? Wengi wamekimbilia neno mfululizo. Tuliposimulia, neno hilo lilitutega. Sentensi "Golden State ilishinda mfululizo" ina maana mbili: ilishinda mechi kadhaa bila kukatizwa, au ilishinda mkusanyiko mzima dhidi ya mpinzani mmoja. Dhidi ya Oklahoma City Thunder, Golden State ilikuwa imeshindwa mara tatu na kushinda mara moja, kisha ikashinda mara tatu zilizobaki. Hapo maana zote mbili zinatakiwa katika aya moja, na neno moja haliwezi kuzibeba.

Pendekezo letu ni mchuano. Vyombo vya habari hutumia wingi wake, michuano, kwa maana ya mashindano kwa jumla, na umoja wake umekaa karibu bila kazi. Tuupe kazi. Kitenzi kuchuana kina kiambishi cha kutendana, nacho hudai pande mbili zinazokabiliana. Ndiyo maana tunayoitaka. Hivyo awamu ya mchujo ina michuano, kila mchuano una mechi zisizozidi saba, na mchuano wa mwisho ndio fainali. Baada ya hapo haitakuwa lazima kwa mtu kuandika "fainali ya saba", kana kwamba fainali zilikuwa saba. Ataandika "mechi ya saba ya fainali".

Bingwa ni nani?

Kwetu, timu inayokaa kileleni mwa ligi mechi zote zikiisha ndiyo bingwa. Hatuhitaji fainali, jedwali limekwisha kuamua. Kwa hiyo sentensi "Golden State waliongoza ligi kwa kushinda mechi 73" itasomwa na watu wetu wengi kwamba Golden State walitwaa ubingwa. Mwandishi hakusema hivyo, lakini desturi imemsemea.

Hapa hapahitajiki neno jipya. Panahitajika mwandishi kuwa mwangalifu na kuongeza maneno machache: "waliongoza katika awamu ya ligi". Tena inafaa kueleza uongozi huo uliwapatia nini. Uliwapatia haki ya kuwa wenyeji katika mechi nne kati ya saba za kila mchuano, ikiwa mchuano ungefika huko. Ndiyo sababu mechi ya saba ya fainali ilichezwa Oakland. Ushindi 73 uliwanunulia nafasi ya kucheza mechi ya mwisho nyumbani, mbele ya watu wao, na mechi hiyohiyo wakashindwa. Msomaji asiyeelezwa hivyo hawezi kuyaona machungu ya kisa hiki.

Kadhalika ipo haja ya kutenganisha tuzo mbili. Stephen Curry alichaguliwa kuwa mchezaji bora na wapiga kura wote 131, jambo ambalo halijawahi kutokea kabla yake. LeBron James wa Cleveland naye alichaguliwa kuwa mchezaji bora. Wote wawili, mwaka uleule? Ndiyo, kwa maana Curry alikuwa Mchezaji Bora wa Msimu na James Mchezaji Bora wa Fainali. Sifa hizi mbili zisifupishwe. Wapo pia wanaofasiri jina la tuzo hiyo kuwa "mchezaji mwenye thamani kubwa kuliko wote". Kwa Kiswahili maneno hayo yanamfanya mtu aulize bei yake. Bora yatosha.

Namba zinazodanganya

Mfasiri hudhani kwamba namba hazihitaji kufasiriwa. Katika fainali hiyo Golden State walikuwa wameshinda mechi tatu na Cleveland moja. Vyombo vya Kiingereza huandika hali hiyo kwa tarakimu mbili na kistari, na wengi wetu hunakili: "Golden State waliongoza 3–1". Msomaji wetu ataona mabao matatu kwa moja. Atakapoambiwa kwamba Cleveland waligeuza matokeo, atadhani jambo hilo lilitokea jioni moja, labda katika nusu saa. Kumbe lilichukua mechi tatu na siku kadhaa, na hakuna timu iliyowahi kulifanya katika fainali za ligi hiyo kabla ya hapo. Tunashauri tarakimu za namna hii ziachwe kwa pointi za mechi moja, na hesabu ya mechi iandikwe kwa maneno: "mechi tatu kwa moja".

Mtego wa pili umo katika neno jumla. Katika mpira wa miguu, timu zinapokutana nyumbani na ugenini, mabao ya mechi mbili hujumlishwa na jumla ndiyo huamua. Katika mchuano wa kikapu kila mechi husimama peke yake. Cleveland walishinda mechi ya tatu ya fainali kwa pointi 120 kwa 90. Ushindi huo wa tofauti ya pointi 30 ulihesabiwa kuwa mechi moja tu. Ukijumlisha pointi za mechi sita za kwanza utakuta kwamba kila timu ilipata 610. Hesabu hiyo ni ya ajabu na inafaa kutajwa, lakini mfasiri aitaje kwa tahadhari. Akiandika kwamba baada ya mechi sita timu hizo "zilikuwa sare kwa jumla ya 610", msomaji ataamini kwamba mechi ya saba ilichezwa kwa sababu ya sare hiyo. Ilichezwa kwa sababu kila timu ilikuwa imeshinda mechi tatu.

La tatu ni neno pointi. Katika ligi zetu za mpira wa miguu, mshindi wa mechi hupewa pointi tatu, na pointi hizo ndizo hupanga jedwali. Katika NBA jedwali hupangwa kwa uwiano wa mechi zilizoshindwa na mechi zilizochezwa. Kumbe hata hapa lugha imetukamata! "Mechi zilizoshindwa" ni zile timu ilizoshinda, au ni zile iliposhindwa? Ni heri tuseme "idadi ya ushindi katika mechi zilizochezwa". Pointi na ibaki kwa yale yanayopatikana uwanjani, na "Golden State walipata pointi 73" isiandikwe kamwe.

La nne ni rekodi. Kiingereza hutumia neno moja kwa hesabu ya ushindi na kushindwa, na pia kwa kiwango ambacho hakijafikiwa na mwingine. Kiswahili kimepokea maana ya pili pekee. Timu ya Philadelphia katika msimu huohuo ilishinda mechi 10 na kushindwa 72. Anayeandika kwamba Philadelphia walikuwa na "rekodi ya 10–72" anamfanya msomaji atafute kilichovunjwa. Kwa maana ya kwanza tutumie matokeo.

Shina moja, kazi nyingi mno

Katika kusimulia, shina lililotuchosha kuliko yote ni funga. Mchezaji hufunga bao. Timu hufungwa, yaani hushindwa. Timu mbili hufungana. Mchezaji mkorofi hufungiwa. Na mwenye kufunga sana ni mfungaji bora. Katika mpira wa miguu mzigo huu hubebeka kwa sababu mabao ni machache. Timu iliyofungwa bao moja aghalabu imeshindwa. Katika kikapu kila timu hufungwa mara nyingi kila mechi, hata ile inayoshinda. Tarehe 13 Aprili 2016 Golden State walipata ushindi wao wa 73 kwa kuwashinda Memphis Grizzlies kwa pointi 125 kwa 104. Je, walifungwa? Walifungwa pointi 104, na wakashinda kwa mbali.

Tunapendekeza kazi zigawanywe. Kwa kuingiza mpira kikapuni tuseme kutia kikapu, na kwa hesabu yake, kupata pointi: Curry alipata pointi 46 katika mechi hiyo ya mwisho ya awamu ya ligi, na kutia vikapu 10 vya pointi tatu. Kwa matokeo ya mwisho tuseme kushinda na kushindwa. Kwa hali ya pointi kuwa sawa mechi ikiendelea, tuseme kulingana. Neno sare tuliepuke, kwa kuwa hudokeza kwamba mechi imekwisha, ilhali mechi ya kikapu haiwezi kwisha hivyo. Ikifika mwisho timu zikiwa zimelingana, huongezwa dakika tano, na tano nyingine, mpaka apatikane mshindi.

Kufungiwa na kubaki, maana halina mshindani. Draymond Green wa Golden State alifungiwa mechi ya tano ya fainali kwa kuwa alikuwa amejilimbikizia pointi nne za rafu mbaya katika mchujo. Ila hapo neno pointi limejipenyeza tena. Tuziite alama za adhabu, ili asitokee msomaji akadhani kwamba Green aliadhibiwa kwa kutia vikapu.

Ipo pia pasi ambayo mpokeaji wake hutia kikapu papo hapo, nayo huhesabiwa kwa mtoaji. Mtu angeweza kuiita pasi ya kufungisha. Tahadhari! Katika lugha ya viwanjani, mchezaji aliyefungisha ni yule aliyeiponza timu yake mwenyewe. James alitoa pasi 11 za namna hiyo katika mechi ya saba; tukisema alifungisha mara 11, tumemgeuza shujaa kuwa msaliti. Pasi ya kikapu, kwa mfano wa pasi ya bao, haina hatari hiyo.

Usajili, rasimu, au uteuzi?

Mwaka 2009 Mtanzania Hasheem Thabeet aliingia NBA, akiwa wa kwanza kutoka nchini mwetu. Alikuwa wa pili kuitwa, na timu iliyomchukua ni Memphis Grizzlies. Katika shughuli hiyohiyo Stephen Curry aliitwa wa saba, na Golden State. Shughuli yenyewe inaitwaje?

Neno la Kiingereza linalotumika huko hutumika pia kwa andiko ambalo halijakamilika, na hilo kwetu ni rasimu. Anayeandika "rasimu ya wachezaji" amefungua kamusi akachukua maana ya kwanza aliyoiona. Wengine husema usajili. Lakini katika usajili wa mpira wa miguu mchezaji na klabu hupatana. Mchezaji anaweza kukataa Klabu A akaenda Klabu B. Katika shughuli hii timu huitana kwa zamu, na timu dhaifu hupewa nafasi ya kutangulia. Kijana hasemi anakotaka kwenda. Watumishi wa serikali wanalijua jambo hili vyema. Ni uteuzi, na aliyeteuliwa hupelekwa kituo ambacho hakukichagua. Tunapendekeza uteuzi wa chipukizi, na kwa hiyo Thabeet alikuwa mteule wa pili wa mwaka 2009.

Neno hili litatusaidia pia kuieleza ile timu ya Philadelphia. Kwetu, timu yenye ushindi 10 kati ya 82 ingeshuka daraja. Katika NBA hakuna daraja la kushukia. Philadelphia walibaki, na mwaka huohuo wa 2016 wakapata nafasi ya kwanza katika uteuzi. Kwa hiyo maneno kushuka daraja, kupanda daraja, na ligi daraja la kwanza hayafai kabisa katika habari za ligi hiyo.

Maneno yaliyotufaa

Si haki kutaja kasoro pekee. Mara kadhaa Kiswahili kilitoa neno zuri kuliko tulivyotarajia. Mwanzoni mwa msimu huo kocha Steve Kerr alikuwa mgonjwa kwa matatizo yaliyotokana na upasuaji wa mgongo, na msaidizi wake Luke Walton akasimamia mechi 43, akashinda 39. Hata hivyo ushindi wote uliandikwa kwa jina la Kerr. Wengine wangesema Walton alikuwa kocha wa muda. Lakini kocha wa muda ni yule anayeshika nafasi iliyo wazi. Walton alikuwa kaimu kocha, na kila aliyepata kukaimu ofisi anajua kwamba kaimu hutenda kwa niaba ya mwenye cheo. Neno moja limeeleza kwa nini ushindi 39 haukuandikwa kwa jina la aliyeusimamia.

Kudunda mpira, kupangua mtupo wa mpinzani, na kutumbukiza mpira kikapuni kwa mkono vimekwisha kukaa vizuri. Atakayefasiri hili la mwisho kuwa kuchovya atakuwa anazungumzia maandazi na chai. Kwa mpira unaodakwa baada ya mtupo kukosa, tulijaribu maneno kadhaa ya asili tukayaacha: marejeo yamechukuliwa na vitabu, na mdako ni mchezo wa watoto wa kurusha na kudaka vijiwe. Wachezaji wenyewe husema ribaundi. Maadamu limekwisha kukaa vinywani mwao na halimpotezi mtu, tulipokee.

Dakika za mwisho

Sasa tupime faida ya mapendekezo haya. Hii hapa ni habari ya mechi ya saba kwa mtindo uliozoeleka:

"Golden State, vinara wa ligi kwa pointi 73, waliongoza fainali 3–1 kabla ya Cleveland kusawazisha. Katika fainali ya saba timu hizo zilikuwa sare ya 89–89 hadi Irving alipofunga matatu zikiwa zimebaki sekunde 53, na Golden State wakafungwa 93–89."

Kila tarakimu ni sahihi, isipokuwa kwamba 73 imepachikwa pasipo pake. Hakuna neno lisilojulikana. Hata hivyo msomaji atatoka na picha ya bingwa wa ligi aliyekuwa akiongoza kwa mabao mawili, akasawazishiwa, akacheza fainali saba, na kufungwa mabao matatu ndani ya dakika moja. Tulinganishe na hii:

"Golden State, walioongoza awamu ya ligi kwa ushindi 73, walikuwa mbele katika fainali kwa mechi tatu kwa moja. Cleveland walishinda mbili zilizofuata, na mechi ya saba ikachezwa Oakland. Timu zililingana kwa pointi 89, na kwa zaidi ya dakika tatu hakuna aliyetia kikapu. Ilipobaki dakika 1 na sekunde 50, Andre Iguodala wa Golden State aliruka kutia kikapu cha karibu. LeBron James akamfuata mbio kutoka nyuma, akaupangua mpira ukagonga ubao. Zilipobaki sekunde 53, Kyrie Irving akatia kikapu cha pointi tatu mbele ya Curry. Cleveland walishinda kwa pointi 93 kwa 89, wakawa mabingwa."

Aya ya pili ni ndefu kuliko ya kwanza, na huo ndio ushuru wake. Tunaamini unalipika.

Mapendekezo

Kwa muhtasari, tunawaomba wafasiri, walimu, na watangazaji wayapime maneno haya: awamu ya ligi na awamu ya mchujo kwa sehemu mbili za msimu, mchuano kwa mkusanyiko wa mechi kati ya timu mbili, kutia kikapu, kupata pointi, kulingana, kushinda na kushindwa, badala ya kulitwisha shina funga kazi zote, pasi ya kikapu, alama za adhabu, uteuzi wa chipukizi, matokeo kwa hesabu ya ushindi na kushindwa, na rekodi kwa kiwango cha juu pekee.

Yamkini wapo watakaosema kwamba tumejishughulisha na mambo ya mbali. Mambo haya si ya mbali tena. Mwaka 2021 Ligi ya Kikapu ya Afrika ilianza kuchezwa mjini Kigali, katika nchi iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, nayo pia humpata bingwa wake kwa mchujo. Mwalimu wa michezo atakayeulizwa na wanafunzi wake kwa nini timu iliyoshinda mara nyingi kuliko nyingine zote imekosa kombe, inafaa awe na maneno ya kuwajibu bila kukimbilia lugha nyingine. Wenye maneno bora kuliko haya tunawaomba watuletee, pamoja na sentensi kamili yanamotumika. Neno pekee, kama tulivyoona, halitoshi kutuonyesha kama linafaa.